Kiti cha Bure

Rhonda, Nakuru
9 Septemba 2007

Mume wangu Mbugua,

Kama hujala, weka barua hii chini, kula kwanza. Maneno yangu hayapoi. Mimi Cucu, nyanya yako Rahab, niko. Goti la kushoto hunitukana kila asubuhi, nami nalitukana. Anayeandika ni Chepngeno, yule fundi wa cherehani wa chumba cha pili. Mimi nasema, yeye anashona. Nimemwambia asipunguze kitu. (Sijapunguza, hata matusi yako hapa. – Chepngeno)

Shangazi yako amejifungua msichana wa pili, jina amepewa langu. Sasa tuko Rahab wawili na wote hatuna meno. Wiki jana kanjo wa baraza la mji walikuja tena kwa stendi. Yule askari wao mrefu alipiga sufuria yangu teke, githeri yote ya kuuza, mahindi na maharage, ikaingia mtaroni. Nilimkimbiza na mwiko mpaka kwa gereji. Sikumfikia. Goti.

Sasa neno lenyewe. Jumapili ulinipigia simu ukasema umepata kiti ya bure, ati ni openi, ati ndiyo utaanza nayo kutengeneza mchezo. Kabla sijauliza, simu ikakata. Ndiyo maana napenda barua, haiishi katikati. Nauliza: nani anapeana kiti bure? Na hiyo openi ndiyo nini, haina pa kukalia? Mtu akikupa kiti bure, anataka ukae mahali anapokuona. Nilikupa jina la babu yako, ndiyo maana nakuita mume, na babu yako hakukalia kitu cha mtu. Nijibu.

Mkeo asiye na meno,
Rahab

*

Kwa Waithaka, Kamere, Naivasha
30 Septemba 2007

Cucu wangu,

Nimekula. Ugali na samaki wa ziwani, kwa hivyo naweza kuandika. Kazi ya kufunga maua inaendelea, mikono imejaa miiba ya waridi. Bado nakaa chumba kimoja na Oloo, yule kijana Mjaluo wa Siaya niliyekuambia, tunafunga maua meza moja. Barua zetu sote hapa zinapitia sanduku la posta la Waithaka, mwenye saiba, lile duka la kompyuta za kukodi. Yeye huzifungua kwa makosa. Yako aliisoma kwa sauti mbele ya watu wote, wakacheka mpaka mmoja akamwaga soda. Tangu siku hiyo hakuna anayesema kit hapa. Wote wanasema Kiti cha Cucu.

Kwa sababu nilisema kit, Cucu, sikusema kiti. Ni vifaa vya kazi vilivyofungwa pamoja, kama sanduku la fundi, ila viko ndani ya kompyuta. Haina miguu, haishikiki, haikaliwi. Walioitengeneza wako nchi za mbali, wameitoa bure, na wameiacha wazi ili mtu yeyote afungue aone ndani ilivyoshonwa, akate, ashone upya apendavyo. Chepngeno ataelewa: ni kama kupewa gauni pamoja na ile karatasi ya kukatia kitambaa.

Kuanza kumenitoa jasho. Maelekezo yote ni Kiingereza kisicho na huruma. Wiki ya kwanza nilipata dirisha jeusi tu. Ukisahau nukta moja, yote inagoma. Ni Oloo aliyeniambia, “Wee, wacha kuanza na nyumba. Chukua ule mfano uliokuja na kit, badilisha kitu kimoja, uone nini inaharibika.” Nikabadilisha namba moja. Mpira ukapaa, ukatoka kabisa kwa skrini. Tulipiga kelele mpaka Waithaka akatufukuza. Lakini ni mtu mzuri, tunamfagilia saiba, naye anatuachia kompyuta ya kona.

Mchezo wetu ni huu: Cucu mmoja wa Nakuru na mwiko wake anawakimbiza kanjo. Oloo atachora, mimi naandika amri. Kwa sasa wewe ni mraba mwekundu.

Mjukuu wako,
Mbugua

*

Rhonda
21 Oktoba 2007

Mume wangu,

Mraba? Nimezaa, nimezika, nimetoka Molo na sufuria kichwani mwaka ule wa mapigano, ndio leo niwe mraba? Mwambie Oloo asikilize vizuri. Leso mbili, moja kichwani moja kiunoni. Raba za buluu, ya kushoto imekatwa mbele kwa sababu ya kidole. Uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. (Ni kweli. – Chepngeno)

Na mwiko. Mwiko wangu ni wa mutamaiyo, ule mti mgumu, mrefu kama mkono wako, umekuwa mweusi kwa moshi. Nyinyi watoto wa siku hizi hamjui mambo, kwa hivyo nawaambia: kumpiga mtu mzima kwa mwiko ni mwiko. Ndiyo maana umeitwa hivyo. Mwanamume akipigwa na kile kinachokoroga chakula, nguvu zinamtoka, na aliyepiga naye anabaki na deni kwa Mungu. Yule kanjo mimi namtisha tu, hata goti lingekuwa zima nisingemfikia. Lakini kwa mchezo, piga. Mchezo hauna laana. Piga mpaka kofia iruke.

Akipigwa anakufa?

Huyo Waithaka mwambie hivi: mkono unaofungua barua ya mwenzake, siku moja utafungua na mlango. Na wewe Oloo, mwanangu, Krismasi uje na huyu mume wangu. Nitawapikia mpaka mshindwe kufunga vifungo.

Rahab

*

Kamere
2 Desemba 2007

Cucu,

Tumekula, wote wawili. Oloo anashukuru kwa mwaliko na anauliza kama samaki anaruhusiwa ndani ya githeri yako. Nimemwambia asijaribu kama anapenda maisha.

Wewe si mraba tena. Una leso, una raba iliyokatwa, una hasira. Oloo hajawahi kukuona, lakini picha ilipotokea kwenye skrini nusura niamke nikupishe. Amechora nyingi zinazofuatana. Anasema ukichora chache mtu hatembei, anaruka kama chura.

Uliuliza kama anakufa. Hapana. Amri niliyoandika ni hii: mwiko ukimgusa kanjo, kanjo aanguke, pumzi moja ipite, kanjo ainuke. Bila hiyo amri ya mwisho wote wangelala chini, nawe ungebaki unatembea peke yako na mwiko, hakuna mchezo.

Kuna jambo moja. Siku hizi saiba imejaa vijana nisiowajua, na mlango unafungwa mchana. Juzi Waithaka alisimama nyuma yetu akitazama, akacheka sana ulipomwangusha yule mrefu. Kisha akasema, “Boss, hawa kanjo ni wa nini? Kit yako si iko wazi? Toa hizo kofia, weka sura za wale watu. Hapa kila mtu ataicheza.” Hakusema watu gani. Hakuhitaji. Na ni kweli, Cucu, ni kazi ndogo. Amri zinabaki zilezile, unabadilisha picha tu.

Oloo alikuwa ameshika mausi. Aliendelea kuchora kama hajasikia. Mimi nilimwambia Waithaka, tutaona.

Krismasi hatutaweza, shamba linakimbizana na maua ya Februari. Tutakuja baada ya uchaguzi, mambo yakitulia.

Mbugua

*

Rhonda
16 Desemba 2007

Mbugua,

Tutaona si hapana.

Nimewasikia watu wakisema tutaona. Kule Molo walisema tutaona, na kweli tuliona. Rudi kwa huyo mtu umwambie hapana, kwa mdomo wako, yeye akikutazama. Ukiogopa, sema Cucu amekataa, uso ulio humo ni wake.

Hata hapa Rhonda si pazuri. Kuna mtu amepiga alama ya chaki kwenye mlango wa Chepngeno. Nimeifuta kwa majivu. Kesho yake ilikuwa imerudi. Alama yenyewe nini? Kwamba yeye ni Mkipsigis, kana kwamba hatukujua, kana kwamba si yeye aliyenishonea hata nguo ya kuzikia babu yako. (Siku hizi nalala chumbani kwa Cucu. – Chepngeno)

Acheni maua. Njooni. Wote wawili.

Rahab

*

Showground, Nakuru
1 Februari 2008

Mume wangu, uko hai?

Kama u hai, soma. Kama hauko, anayeisoma barua hii aniambie mwili uko wapi nije niuchukue.

Anayeandika ni Shital, msichana wa duka la vitambaa, hutuletea maziwa hapa tulipokimbilia. Mwandiko si wa Chepngeno, nawe usiniulize kuhusu Chepngeno.

Rhonda imeungua kwa ajili ya kura. Ijumaa iliyopita walikuja vijana kutoka ule upande mwingine, na mishale na petroli, wakitafuta nyumba za Wakikuyu. Mlango wa kwanza ulikuwa wa mzee Ndung'u wa makaa. Alitoka na ufunguo mkononi, alidhani ni wateja. Mshale ulimpata shingoni. Alikaa chini polepole, kama mtu aliyechoka, na ufunguo hakuuachilia. Jumamosi wakaja vijana wetu kulipiza. Wetu, nasema, kwa sababu nimewalisha. Walikuwa na mapanga, na walikuwa wakimsimamisha mtu wanamwonyesha kitu: hiki kinaitwaje, sema kwa lugha yetu. Aliyekosea kulitamka hakupewa nafasi ya kurudia. Nimeuona mkono wa mtu peke yake mtaroni, mtaro uleule ulioimeza githeri yangu. Ulikuwa na saa, na saa ilikuwa inatembea.

Simu imeungua. Sufuria imepotea. Mwiko umevunjika, na huo mwiko pia usiniulize.

Shital anataka kunipumzisha. Sitaki. Redio imesema ya Naivasha, kwamba Jumapili huko waliwafanyia Wajaluo kama yaliyofanywa hapa. Waliofanya wana majina kama letu. Nakuuliza neno moja, Mbugua. Oloo yuko wapi?

Usinijibu kwa salamu.

Rahab

*

Kamere
8 Februari 2008

Mpendwa Cucu,

Natumaini barua hii itakufikia ukiwa na afya njema kama mimi huku nilivyo na afya njema. Poleni sana kwa yaliyotokea. Mungu ni mwema. Maua ni mengi mwaka huu. Waithaka anakusalimu sana, yuko hapa kando yangu ninapoandika, na ndiye atakayeipeleka posta.

Oloo hayuko. Watu wake hawako tena Kamere.

Mchezo umesimama. Lakini ile kiti niliyopewa bure bado iko, Cucu, ile uliyoniuliza tangu mwanzo. Imevunjika mguu mmoja, haiwezi kusimama yenyewe. Nimeiweka mahali pakavu. Hapa hakuna fundi wa kuitengeneza. Ukipata fundi huko Nakuru, mtume aje aichukue.

Waithaka amecheka, anasema wewe na kiti chako mtamaliza karatasi zote.

Wako mtiifu,
Mbugua

*

Free Area, Nakuru
14 Februari 2008

Mbugua,

Salamu ni chache, nimekasirika. Nimetoka Showground. Tanveer wa mbao, yule ambaye wapakiaji wake wamekula githeri yangu tangu akiwa kijana, amenipa chumba nyuma ya stoo yake.

Barua yako Shital alinisomea. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia rudia hapo pa kiti, pa mguu. Akaniuliza, “Cucu, mbona unalia? Si ni kiti tu?” Nikamwambia hicho kiti hajakijua.

Sasa sikilizeni, wewe na huyo Waithaka. Najua mnanicheka. Chekeni. Mimi ni mwanamke wa zamani, nikisikia kiti naona kiti. Ulipewa bure, lakini cha bure ndicho cha kutunzwa. Kisichomwe kuni. Kisiachwe nje. Kifunike, baridi ya ziwa hupasua hata mti mgumu. Kipe maji. Shital anasema kiti hakipewi maji. Basi kipanguse kwa maji, na kwa uji mwepesi, asubuhi na jioni, nyufa zijifunge. Na useme nacho – Shital amenikatiza hapo, usijali, ni uzee.

Jumamosi ya wiki ijayo Tanveer anapeleka mbao upande huo wa ziwa. Atapita kwako mchana, watu wakiwa sokoni. Kilaze juu ya gari, ukifunge vizuri, kisipigwe na mashimo ya barabara. Waithaka, mwanangu, kwa kuwa wewe hufungua barua kwa makosa: usijisumbue kumsaidia kukibeba. Ni kizee, kina kunguni.

Rahab

*

Kamere, kwa mkono wa Tanveer
23 Februari 2008

Cucu,

Hii haipiti kwa sanduku, kwa hivyo nasema.

Kiti ulichotumiwa kiko juu ya gari. Waithaka alipoisoma barua yako alicheka mpaka machozi, akatoa kiti cha plastiki cha saiba kilichovunjika mguu, akasema, “Mpelekee nyanya yako kiti chake.” Wote wameniona nikikibeba. Oloo yuko chini ya turubai, kati ya mbao. Yuko hai. Mguu wa kulia umeunga vibaya, na mgongo una kidonda ambacho bado kinatoa maji. Msafishie kwa chumvi.

Uliniuliza. Sikiliza.

Jumapili ile, mchana kweupe, Waithaka alitoa mapanga kwenye maboksi ya kompyuta akagawa. Mimi akanipa kipande cha bomba la maji. Akasema, “Leo ndio mchezo wenyewe.” Sitakuambia nilivutwa shati, Cucu. Nilienda nao kwa miguu yangu. Nilikuwa sijawahi kumwambia hapana, na siku hiyo hapana ilikuwa imeshaoza mdomoni. Nyumba ya kwanza walifunga mlango kwa nje, wakawasha. Waliokuwa ndani walituita kwa majina. Walitujua, tunafunga maua pamoja. Waliita Mbugua. Niliitwa mpaka sauti ikaisha.

Nyumba ya pili ilikuwa yetu.

Oloo alikuwa amekaa kitandani, karatasi magotini. Aliniona mimi kwanza, akatabasamu. Alidhani nimekuja kumtoa. Waithaka akasema, “Huyu ni wako. Anza.” Nyuma yangu mlango ulikuwa umejaa mapanga. Nilimpiga mguuni kwa bomba. Nilisikia mfupa. Nikampiga begani, akaanguka kifudifudi, nikamwinamia kama ninayemmaliza, nikamwambia sikioni: lala, usiinuke. Mmoja akapita akamchana panga mgongoni, ya kupita tu, kama mtu anayejaribu makali ya kisu. Oloo hakulia. Nikajipaka damu yake usoni, nikawaambia huyu ameisha, twende. Tukaenda.

Niliandika ile amri mimi mwenyewe: pumzi moja ipite, ainuke. Nilisimama mlango wa tatu nikimwomba Mungu Oloo asiitii.

Niliporudi alikuwa amelala vilevile. Nilimsukuma kwa toroli ya maua mpaka kwenye banda la pampu lililoachwa, na huko ndiko amekaa. Kituo cha polisi kilikuwa mbali na njia ilikuwa yao. Wangemwona hai, wangetumaliza wote wawili. Amekula mkononi mwangu wiki hizi zote na hajanitamkia neno. Nimempa penseli, hachori.

Mimi sitakuja. Sitagusa mchezo tena. Usiniite mume wako.

Mbugua

*

Free Area
22 Juni 2008

Mume wangu Mbugua,

Nimekula. Uji, na kipande cha samaki ambacho kuna mtu amekiingiza kwenye githeri yangu bila ruhusa. Anayeandika utamjua kwa mwandiko. Amesema ataandika ninayosema mimi tu, hataongeza lake. Sawa.

Rahab mdogo ameota meno, amenishinda. Chepngeno yuko kwao Bomet, amenitumia leso. Nimesikia Waithaka amefunga saiba akatoroka, hajulikani aliko. Watu wa shamba wananiambia bado unafunga maua, huongei na mtu. Barua nne nimekutumia kwa sanduku la shamba, hujajibu hata moja. Basi hii ya tano nakuambia nilichokataa kukuambia.

Jumamosi ile Rhonda, Chepngeno alikuwa chumbani mwangu, nyuma ya magunia ya makaa. Walikuja na mapanga, na aliyekuwa mbele ni Ngigi. Unamjua, wa kuosha magari, yule aliyekuwa akila kwangu kila mchana, akiniita mama, “mathe, ongeza supu.” Akasema, “Mathe, toka mlangoni. Tunamtaka yule mshonaji.” Nikamwambia, “Ngigi, rudi nyuma nikiwa bado nakupenda.” Akanisukuma. Nikampiga kwa mwiko, hapa juu ya sikio. Sikumtisha, Mbugua. Nilitaka kumpiga, na siku hiyo nilimfikia. Mwiko ulivunjika, akaanguka. Wenzake walipoona mwanamume amepigwa kwa mwiko na mwanamke mzee, wakaogopa laana kuliko walivyoogopa panga. Walikimbia.

Nami nikasimama pale, nikangoja. Unajua nilikuwa nangoja nini? Pumzi moja ipite, ainuke. Si uliniambia wanainuka? Pumzi ikapita. Ikapita nyingine. Damu ikatoka sikioni mwake, na mtoto wa watu akawa amelala tu.

Nikamwita Chepngeno. Nikamfunga leso yangu usoni. Tukampakia Ngigi kwenye mkokoteni wa marehemu Ndung'u, mimi nikavuta, na yule aliyekuwa anawindwa akamsukuma mwindaji wake. Tulipita katikati ya mapanga mpaka hospitali. Kila aliyeuliza nilimwambia ni mwanangu. Na sikudanganya.

Ngigi amepona nusu. Anakuja kula. Mkono wa kulia haufungi ngumi tena, kijiko kinamponyoka, namlisha. Haniiti mathe, ananiita Cucu. Amenisamehe au amesahau? Daktari anasema kichwa kikipigwa kinaweza kusahau. Sijamuuliza. Naogopa majibu yote mawili.

Sasa wewe. Umekaa hapo Kamere kama kitu kilichoachwa juani. Unasema hutagusa mchezo, unasema nisikuite mume wangu. Jina nilikupa mimi, na kulitoa si kazi yako. Na mchezo utaugusa. Sikutumi uondoe kupiga. Kupiga kuko duniani, mimi nimepiga, wewe umepiga, na huyu anayeandika amepigwa. Ila ile amri yako ya mwisho ni uongo. Mtu hainuki kwa sababu pumzi imepita. Fungua hiyo kit yako, si uliniambia iko wazi, mtu anaweza kukata na kushona upya? Basi ikate hapo. Aliyeanguka alale palepale, mpaka Cucu arudi, ainame, amshike mkono amwinue. Asiporudi, njia isifunguke. Goti likiuma, liume.

Kisha uje. Kile kiti cha plastiki nimekitia mguu wa mbao za Tanveer, kinasimama, ingawa kinapiga kelele. Oloo ndiye hukikalia. Wewe ukija utakaa chini, mpaka mwenye kiti aseme neno.

Nimemuuliza sasa hivi: nimwambie umemsamehe? Kalamu imesimama. Nimengoja. Bado imesimama, nami simlazimishi. Andika hivyo, Oloo, kwamba kalamu ilisimama. Ameandika.

Yangu yameisha. Yeye bado ameinama, anaandika kitu hapo chini. Kusoma sijui, na amekataa kunisomea.

Mkeo,
Rahab

Picha za Cucu akiinama ziko ndani ya bahasha. Nimechora nyingi ili asiruke. Ile ya goti kugusa chini ikae muda mrefu kuliko nyingine, hapo ndipo anapoumia. Aliyelala sikumwekea sura. Hiyo utaiweka wewe. – Oloo